Kuta za Nyumba na Homa ya Papasi

Somo hili ni la watu wanaokaa katika nyumba za miti na udongo. Hatusemi kwamba nyumba ya udongo ni mbaya. Mchana wa jua kali ndani yake kuna ubaridi, na usiku inatunza joto, tena mtu aweza kuijenga bila fedha nyingi. Lakini udongo ukikauka hupasuka, na ndani ya nyufa zile wadudu hufanya makao yao. Mmoja wao ni papasi, ambaye wengi wetu tunamwita kimputu.

Papasi ni ndugu ya kupe, lakini desturi zake ni nyingine. Kupe wa mbwa hushika ngozi na kukaa siku nyingi. Papasi hutoka usiku, watu wakiwa wamelala, hunywa damu kwa muda mfupi, kisha hurudi katika ufa wake kabla ya mapambazuko. Kwa hiyo watu wengi wameumwa naye miaka na miaka wala hawajamwona hata mara moja. Rangi yake ni kama vumbi, hana mabawa, ana miguu minane, na ngozi yake ina mikunjo kama ya ngozi kavu. Hupenda sana mavumbi makavu: karibu na mafiga, chini ya kitanda, na pembeni pale ukuta unapokutana na sakafu. Aweza kukaa zaidi ya miaka miwili bila kunywa damu. Basi usifikiri kwamba nyumba iliyoachwa mwaka mzima haina papasi. Wanakungoja.

Ugonjwa anaoleta ni homa inayorudi. Mtu hupata homa kali kwa ghafula, kichwa kinamwuma, viungo vinamwuma, pengine anatapika, au damu inatoka puani. Baada ya siku chache homa inakwisha, naye anafurahi na kwenda shambani. Kisha, baada ya siku kadhaa, homa inarudi. Yaweza kurudi mara nyingi. Watu husema, “Ni malaria,” na kununua vidonge vya malaria sokoni. Homa inakwisha yenyewe kwa desturi yake, nao wanadhani vidonge vimeiponya, mpaka inaporudi tena. Hospitalini mganga hutazama tone la damu kwa darubini, naye huona vijidudu vyembamba vilivyojipinda kama uzi. Dawa yake ipo, nayo ni nzuri, lakini mgonjwa aipate mahali penye waganga. Mara nyingi, saa chache baada ya dawa ya kwanza, mgonjwa hutetemeka sana na homa yake hupanda. Hapo lazima awepo mtu wa kumwangalia.

Mama mwenye mimba na asikie neno hili vizuri. Homa hii ni hatari kwake kuliko kwa wengine wote. Yaweza kuitoa mimba, na mtoto aliyezaliwa aweza kuwa na vijidudu hivi katika damu yake na kufa siku za kwanza. Mama mwenye mimba akipata homa, asingoje irudi mara ya pili. Aende hospitali siku ile ile.

Jambo hili lilijulikanaje? Sehemu kubwa ya habari zake ilitoka hapa kwetu Kongo. Waganga wawili, Joseph Everett Dutton na John Todd, walitumwa na shule ya dawa ya Liverpool, Uingereza, nao walisafiri katika Kongo tangu 1903. Walionyesha kwamba papasi ndiye anayepitisha ugonjwa huu, tena kwamba papasi mama huweza kuwapa watoto wake vijidudu hivi ndani ya mayai. Kwa sababu hiyo nyumba ikiingiwa na papasi wenye ugonjwa, wajukuu wao nao wanauma na kuambukiza. Wote wawili walishikwa na homa hii. Dutton alikufa Kasongo, katika Maniema, tarehe 27 Februari 1905, akiwa na umri wa miaka 30. Vijidudu vile vimepewa jina lake, navyo huitwa Borrelia duttonii.

Sasa tuseme habari ya kazi yenyewe. Watu wengi huanza vibaya: huona ukuta umepasuka, mara huchukua udongo na kupaka. Lakini ukuta wenye maji ndani yake ukipakwa juu, maji hayana njia ya kutoka. Lipu huinuka na kuanguka, na nyuma yake kuna nafasi nzuri ya wadudu. Anza na maji. Je, paa linafunika ukuta vizuri, au matone yanaupiga? Je, maji ya mvua yanasimama karibu na msingi? Chimba mfereji, ongeza majani ya paa. Kama unajenga nyumba mpya, inua msingi wa mawe juu ya ardhi kufika katikati ya muundi wako au zaidi. Mawe yale huzuia maji yasipande katika udongo, nao mchwa wakitaka kufika kwenye miti hulazimika kujenga njia yao ya udongo juu ya jiwe, mahali unapoiona na kuibomoa.

Kisha toa vyote nje. Mikeka, vitanda, masanduku, vyote vikae juani. Fagia, na takataka zile usizitupe nyuma ya nyumba, zichome. Mwaga maji yanayochemka katika nyufa na pembeni mwa sakafu.

Udongo wa kupaka uwe na mchanga. Udongo wa mfinyanzi peke yake hupasuka ukikauka. Mchanga ukizidi, lipu humomonyoka kwa kidole. Jaribu kwanza: changanya kipimo kimoja cha mfinyanzi na viwili vya mchanga, paka mahali padogo kama sahani, ngoja siku mbili tatu. Ukiona nyufa, ongeza mchanga. Majani makavu yaliyokatwa vipande vifupi husaidia sana. Lowesha ukuta, sukuma udongo kwa nguvu mpaka ndani ya nyufa, usipake juu juu tu. Acha ukauke polepole. Nyufa ndogo zitatokea. Zile zijazwe na mpako wa pili, mwembamba, uliosuguliwa kwa jiwe laini. Pembeni, ukuta na sakafu vinapokutana, usiache kona kali. Jaza na kuviringisha kwa mkono, ufagio upite bila kuacha vumbi. Kama huna nguvu ya kufanya nyumba yote mwaka huu, fanya pembe hizo za chini katika chumba cha kulala.

Wengine huuliza habari ya sementi. Kwa sakafu ni nzuri kabisa, ukiweza kuinunua. Kwa ukuta wa udongo, hapana. Udongo huvimba na kunywea, sementi haifanyi hivyo, kwa hiyo huachana. Chokaa ni bora, maana inashikana na udongo na kuacha mvuke utoke. Tena ukuta mweupe huonyesha mdudu na njia ya mchwa. Lakini chokaa huunguza. Watoto wakae mbali, na ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi kwa muda mrefu, kisha uende hospitali. Mavi ya ng'ombe, ambayo wengi huchanganya na udongo wa sakafu, hushika vizuri, ni kweli, lakini yaweza kuwa na vijidudu vya pepopunda. Nyumba inayongoja mtoto kuzaliwa isipakwe mavi, na kitovu cha mtoto kisiguswe nayo kamwe.

Katika nchi za matajiri watu hupuliza juu ya kuta povu la resini. Ni maji mawili yanayochanganywa, nayo huvimba mara thelathini au zaidi, kisha hukauka na kuziba kila tundu. Kwa upepo na baridi lafaa. Lakini mchwa hutoboa povu hilo na kupita ndani yake bila kuonekana, hata katika sehemu za Marekani zenye mchwa wengi sheria za ujenzi hukataza kulifukia ardhini. Mvuke wake kabla halijakauka hudhuru mapafu, na likishika moto moshi wake una sumu ya kuua. Nyumba yenye mafiga ndani haitaki kitu hicho, hata kama mtu akikupa bure.

Zamani, katika miaka ya 1950, watu walipuliza sakafu kwa dawa kama lindane. Dawa hiyo ilikatazwa kwa mashamba duniani mwaka 2009, kwa sababu inakaa muda mrefu katika udongo na katika miili ya watu. Mtu akikuuzia unga usio na jina wa kuua papasi, usiuweke mahali watoto wanapolala.

Kila mwaka, kabla mvua haijaanza, tembea na taa kando ya kuta na kuziba nyufa mpya. Kitanda kisiguse ukuta. Mgeni akija na mkeka wake kutoka mbali, mkeka ukae juani kwanza na kukung'utwa, naye hatakasirika ukimweleza sababu. Na ukimwona papasi, usimpasue kwa kucha, maana maji ya mwili wake yaweza kuingiza ugonjwa katika ngozi iliyokwaruzika. Mchukue kwa kijiti na kumtupa motoni.