Nyumba za mfano: kabla hujataja bei, hesabu matundu

Somo la leo ni la wanaotengeneza nyumba za mfano na kuziuza mtandaoni: zile za kuwekwa sebuleni, za kamati ya ujenzi wa kanisa kuonyesha kwenye harambee, au za lodji za ufukweni Mbamba Bay kuweka mapokezi.

Wengi tunapanga bei kwa ukubwa wa nyumba. Hapo ndo faida inapopotelea. Ukuta mtupu unaukata dakika mbili. Kinachokula muda ni tundu la dirisha, la mlango, la taa ya barazani. Tuseme kila tundu linachukua dakika 10 mpaka fremu ikae vizuri. Nyumba ya madirisha 14 imekula saa mbili na dakika 20 kwenye matundu tu, wakati ya madirisha manne imekula dakika 40. Unaziuzaje bei moja? Mteja akikutumia picha inbox, hesabu matundu kwanza, ndo ujibu.

Sasa kwenye kukata. Kipimo cha 1:50 maana yake milimita 1 kwako ni sentimita 5 kwenye nyumba halisi. Dirisha la mita 1.2 linakuwa milimita 24. Ukikosea milimita 2, umemkosea mteja sentimita 10, na kwenye picha ya simu inaonekana kabisa. Wenzetu wa Ulaya na Marekani wanaojenga reli za mfano wanatumia sana kipimo cha 1:87, na madukani kwao kuna fremu za plastiki zilizo tayari. Sisi wa Mbinga fremu tunatengeneza wenyewe, kwa hiyo anza na fremu, grili na mlango. Vikikamilika, pima tundu kwa kifaa chenyewe. Mchoro haujui kwamba fremu yako imenenepa kidogo kwa rangi.

Kata kuta zikiwa bado bapa, kabla ya gundi, upande wa nje ukiwa juu. Toboa kila kona kwa sindano au keekee ya milimita 1, kwa ndani ya mstari. Rula ya chuma ilalie upande wa ukuta unaobaki, ili kisu kikiteleza kiingie kwenye kipande cha kutupa. Anzia kona uje katikati, halafu geuza ukuta uanzie kona ya pili. Ukikata moja kwa moja kutoka kona hadi kona, kisu kitapitiliza tu. Na usikandamize! Pitisha kisu kwa mkono mwepesi mara nane, mara kumi. Ncha ikianza kuvuta nyuzi, ivunje utumie mpya. Ncha ni rahisi kuliko ukuta.

Acha kama nusu milimita ndani ya mstari, umalizie kwa tupa ndogo, ukisukuma kutoka nje kwenda ndani ili vibanzi vitokee upande usioonekana. Kadibodi inachambuka ukingoni: pitisha supaglu nyembamba, iache ikauke, ndo upige msasa.

Dirisha la duara la kanisani linawashinda wengi. Chukua kipande cha antena ya redio mbovu chenye upana unaotaka, kinoe mdomo kwa tupa, kisha kizungushe taratibu juu ya kadibodi. Kwa plaiwudi, toboa vitundu vingi kuzunguka duara kwa ndani, halafu maliza kwa tupa.

Kuna mteja wa "niongezee na taa mbili mbele" wakati nyumba imeshagundishwa na harambee ni Jumapili. Hapa ndo kuta hupasuka. Usitoboe ukuta ukiwa hauna mgongo. Ingiza kipande cha mbao kwa ndani kibane ukuta, toboa kwa keekee ndogo, kisha panua kwa tupa hadi taa iingie. Kama paa limeshafungwa na mkono hauingii, mwambie mteja ukweli: paa linafunguliwa, na kuna gharama. Akikataa, bora ukose hela ya taa kuliko kurudisha kianzio cha nyumba nzima.

Angalia na hali ya hewa. Masika kadibodi inavuta unyevu na kuvimba. Mlango uliokaza Mbinga mwezi wa nane unaweza kugoma kufunguka Mbamba Bay mwezi wa pili. Acha mwanya wa unene wa karatasi pande zote.

Kabla ya kupiga picha, zima taa ya chumbani uweke tochi ya simu ndani ya nyumba. Mwanga utakuonyesha kila ukingo uliochanika na kila fremu iliyoacha upenyo. Rekebisha hapo hapo. Mzigo ukishapanda basi la Dar, kama kilomita 1,000, mteja ndiye atakayewasha hiyo tochi.