Maelezo ya malipo ya duka lako yanakaa wapi?

Tuseme unauza leso Biashara Street, na wateja wengine wako Lamu na Malindi. Kila siku maswali ni yale yale: doti ni pesa ngapi, Till ni namba gani, mzigo unatumwaje, leso yenye dosari inarudishwaje. Umeyajibu yote kwenye ukurasa wako wa mtandao wa kijamii. Sawa, lakini akaunti ikifungwa, maelezo yamekwenda nayo. Na tapeli anaweza kunakili ukurasa mzima, akabadilisha namba ya Till tu.

Kuna njia nyingine siku hizi: mitandao iliyogatuliwa. Ugatuzi Wakenya tunaujua, mambo yote hayakai Nairobi. Mfano mmoja ni AT Protocol, itifaki inayotumiwa na Bluesky. Itifaki ni kanuni ambazo programu tofauti hukubaliana kuzifuata, kama baruapepe: wewe uko Gmail, mwenzako Yahoo, na barua inafika. Hapa ulichoandika kinakaa kwenye hazina ya akaunti yako, na hazina hiyo unaweza kuipakua au kuihamishia kwa mtoa huduma mwingine ukabaki na wafuasi wako. Watengenezaji wameshaunda zana za kuandikia juu yake. Leaflet, kwa mfano, ni ya kuchapisha makala na miongozo.

Kilichonivutia zaidi ni jina. Ukiwa na anwani ya tovuti yako mwenyewe, unaweza kuifanya jina la akaunti. Tapeli hawezi kulichukua, atatafuta linalofanana, kwa hivyo mwambie mteja asome herufi moja moja. Na kabla ya kukamilisha malipo, bado aangalie jina linalotokea kwenye simu yake. Itifaki haijui Till ni ya nani.

Sasa tahadhari, na hii ni kubwa: hazina hiyo iko wazi kwa kila mtu. Usiweke namba ya simu ya mteja, kodi ya muamala, wala picha ya SMS ya malipo, hata kama unataka kuonyesha kwamba watu wananunua. Ukifuta upande wako, nakala zilizokwisha kuchukuliwa na wengine hazifutiki. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, namba ya mteja ni taarifa yake binafsi, na wewe uliyeichukua ndiwe wa kuilinda.

Bei, vipimo, siku za kutuma mizigo na masharti ya kurudisha, weka. Daftari la madeni libaki chini ya kaunta.