SOMO: KIPIMO CHA HEWA YA UKAA KATIKA NYUMBA MPYA

Mwanaushirika ajengapo nyumba ya matofali ya kuchoma huhesabu gharama ya fundi, bati na saruji. Gharama moja husahauliwa: miti iliyoteketea katika tanuru. Kuni zinapoungua hutoa hewa ya ukaa, ambayo ikizidi angani huongeza joto la dunia. Saruji nayo huitoa, kwa kuwa hutokana na mawe ya chokaa yachomwayo kwa moto mkali. Tena miombo ya Tabora ndiyo itoayo kuni za mabani ya tumbaku na maua ya nyuki. Tanuru likiimaliza, mkulima hupungukiwa mara tatu.

Nchi nyingine zimekwisha kuweka kipimo. Huko Ufaransa, tangu Januari 1, 2022, sheria ya nyumba mpya huhesabu hewa ya ukaa ya matumizi ya nyumba pamoja na ile ya vifaa vya kuijengea. Kijijini nyumba haihitaji mitambo ya joto. Hesabu kubwa imo katika kuta.

Wazee wa njia ya misafara walijenga bila tanuru. Matembe ya Kwihara, alikokaa Livingstone mwaka 1872, yalikuwa ya udongo, yenye kuta nene zilizozuia jua. Adui wa udongo ni maji. Dawa yake ni msingi wa mawe na paa lililotokeza nje ya ukuta.

Chama cha msingi hakina mamlaka juu ya nyumba ya mwanachama, lakini kina mamlaka juu ya fedha zake. Basi mkutano mkuu waweza kuazimia kwa ofisi na maghala yake mapya:

1. Matofali yawe ya udongo ulioshindiliwa kwa mashine na kuchanganywa na saruji kidogo. Yafunikwe kivulini na kumwagiwa maji kwa siku zisizopungua 7.

2. Ikilazimu kuchoma, matofali yakauke kabisa kwanza, tanuru likandikwe udongo, na pumba za mpunga zipunguze kuni.

3. Katibu aandike daftarini idadi ya matofali, mizigo ya kuni na mifuko ya saruji.

Sharti la tatu ndilo msingi wa yote. Kisichoandikwa hakipimwi, na kisichopimwa hakipunguzwi.

Maswali ya kujadili: Jengo la mwisho la chama lilikula mizigo mingapi ya kuni? Nani aliiandika?