Zulia Jekundu na Benchi la Nyuma

Somo kuu: Yakobo 2:1–9
Soma pia: 1 Samweli 16:1–13, 1 Timotheo 2:9–10, Kutoka 28:2
Lengo la somo: Tujifunze kumpokea mtu bila kumpima kwa nguo, na tujue kwamba kila Jumapili sisi pia tunakaa kwenye kiti cha jaji.

UTANGULIZI



Mwezi wa pili mwaka 2024, vijana wetu walikuwa wakionyeshana picha kwenye simu baada ya ibada. Zilikuwa picha za binti wa Kenya akiwa Berlin, Ujerumani. Ni Lupita Nyong'o, yule mwigizaji ambaye baba yake, Profesa Anyang' Nyong'o, ni gavana wa Kisumu. Alikuwa ameitwa kuongoza jopo la majaji wa tamasha la filamu la Berlin, ambalo lilianza mwaka 1951 na sasa lilikuwa linafanyika mara ya 74. Kabla yake, hakuna mtu mweusi aliyewahi kukalia kiti hicho.

Kama Mkenya nilifurahi. Lakini nilisikiliza yale mazungumzo, na karibu maswali yote yalikuwa ya aina moja: Amevaa nini? Nywele amezifanyaje? Hiyo gauni ni pesa ngapi? Hakuna aliyeuliza amechagua filamu gani. Mtu amepewa kazi ya kuamua, na sisi tunaona kitambaa tu!

Nikaona hapo kuna somo, na si la vijana peke yao. Ni letu sote, kuanzia wazee wa kanisa mpaka kwaya.

1. KAZI YA JAJI HUFANYIKA GIZANI

Hebu tuelewe kwanza jinsi mambo yale yanavyoenda. Kwenye tamasha kubwa la filamu, zulia jekundu ni mambo ya dakika chache. Msanii anashuka kwenye gari, anasimama, kamera zinawaka, anaingia ndani. Basi. Baada ya hapo taa zinazimwa na filamu inaanza. Jaji anakaa gizani kama mtu mwingine yeyote, na gizani hakuna anayeona gauni lako.

Mwaka ule majaji walikuwa 7, na filamu zilizoshindania tuzo kuu zilikuwa 20. Tuzo yenyewe inaitwa Dubu wa Dhahabu. Waliipa filamu ya Mati Diop, mama Mfaransa mwenye asili ya Senegal. Inaitwa Dahomey, na haifiki hata dakika 70. Inasimulia vitu 26 vya kifalme ambavyo majeshi ya Ufaransa yaliviteka zamani katika ufalme wa Dahomey, na ambavyo mwaka 2021 vilirudishwa kwao Benin. Yaani washindi wa usiku ule walikuwa ni sanamu na viti vya enzi vilivyokaa ugenini zaidi ya miaka 100.

Sasa jiulizeni. Kama jaji angempa tuzo mtengenezaji wa filamu kwa sababu ya viatu vyake vya bei, tungesema nini? Tungesema huyo jaji amepotoka, aondolewe. Hata dunia inajua kwamba mwamuzi hapimi nguo.

Biblia ina jopo lake pia. Samweli alitumwa Bethlehemu kumtia mafuta mfalme. Yese akapitisha wanawe mbele ya nabii, mmoja baada ya mwingine, mpaka wakafika saba. Wa kwanza, Eliabu, alikuwa mrefu na mwenye sura, na nabii mzima moyo wake ukaenda kwake. Mungu akamrudisha: macho ya binadamu yanakomea nje, ya Mungu yanaingia moyoni. Saba wote wakapita na hakuna aliyechaguliwa. Aliyechaguliwa hakuwa hata kwenye mstari. Alikuwa malishoni na kondoo, na baba yake mwenyewe hakuona haja ya kumwita.

Angalieni jambo moja. Samweli aliposikia kuna mwingine amebaki, alisema hawataketi mpaka huyo aletwe. Nabii alikataa kuketi kwa sababu ya mtu aliyeachwa nje. Liweke hilo moyoni, maana tutalirudia.

2. WAO HUAZIMA GAUNI, SISI TUNAKOPA PESA

Kuna siri ambayo picha za simu hazisemi. Nguo nyingi za zulia jekundu si za yule anayezivaa. Kampuni ya mitindo inamwazima msanii gauni kwa usiku mmoja, picha zinapigwa, na kesho yake gauni linarudi. Kampuni imepata tangazo, msanii amependeza, na hakuna aliyebaki na deni. Vito vya shingoni pia mara nyingi ni hivyo hivyo.

Na hata uzuri wenyewe haukai. Mwezi Februari 2015, Lupita huyo huyo alivaa kwenye sherehe za Oscar, kule Marekani, gauni la Calvin Klein lililoshonewa lulu kama 6,000. Magazeti yaliandika kwamba thamani yake ni dola 150,000. Siku chache baadaye likaibwa kwenye chumba cha hoteli. Likaja kupatikana chooni, katika hoteli hiyo hiyo. Bwana Yesu alituonya kuhusu hazina ambayo mwizi anaweza kuifikia. Na Paulo alipomwandikia Timotheo kule Efeso, alizitaja hizo lulu kabisa, akasema pambo la mwanamke anayemcha Mungu ni matendo mema.

Sasa turudi nyumbani. Sisi hatuazimwi gauni. Sisi tunaona picha, tunapeleka kwa fundi, halafu tunakopa. Mahindi bado yako shambani lakini pesa zake zimeshakuwa suti ya harusi ya watu. Mwingine amechukua mkopo wa simu ili apate nguo ya Krismasi, na Januari mtoto anarudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Yule wa kwenye picha alirudisha gauni akalala usingizi. Wewe gauni unalo, na usingizi huna.

3. MLANGO WA CANNES NA MLANGO WETU

Ufaransa kuna tamasha lingine kubwa, la Cannes. Pale maonyesho ya jioni yana masharti ya mavazi. Mwaka 2015 iliripotiwa kwamba wanawake waliovaa viatu visivyo na kisigino kirefu walizuiliwa mlangoni. Mmoja wao, mtengenezaji wa filamu, alikuwa amekatwa sehemu ya mguu na hangeweza kuvaa viatu virefu. Naye alisimamishwa mara kadhaa kabla ya kuruhusiwa. Dunia ikapiga kelele: mnawezaje kumzuia mtu kwa sababu ya kiatu?

Wapendwa, kama watu wa filamu waliona aibu, sisi je?

Yakobo anaeleza watu wawili wanaoingia kwenye mkutano wa waumini. Mmoja ana pete ya dhahabu na nguo za kung'aa. Mwingine ni maskini, nguo zake ni chafu. Wa kwanza anapewa kiti kizuri. Wa pili anaambiwa asimame pale, ama akae chini karibu na miguu ya watu. Yakobo haiiti hiyo kasoro ndogo ya utaratibu. Anasema mkifanya hivyo mmegeuka majaji, na tena majaji wabaya. Katika mstari wa 9 anaiita dhambi.

Kwa hivyo jopo la majaji haliko Berlin peke yake. Liko mlangoni petu saa tatu asubuhi. Mheshimiwa akiingia na suti yake na walinzi, viti vya mbele vinafutwa vumbi, na wakati mwingine kinasa sauti kinamfuata alipo. Mzee akiingia na gambuti kwa sababu barabara ya kwao ni matope matupu, anaonyeshwa benchi la nyuma karibu na spika. Hakuna aliyemtukana. Lakini ameshahukumiwa.

Niwaeleze jambo lililonigusa. Mama mmoja wa ushirika wetu hakuonekana kanisani Jumapili nne. Nilipomtembelea nilifikiri ni mgonjwa. Alikuwa mzima, anapalilia maharagwe. Akasema, "Pasta, mimi sijaacha wokovu. Akina mama walikubaliana sare ya kongamano. Kitenge na fundi ni 2,500. Hiyo ni mfuko mmoja wa mbolea ya ruzuku. Nilinunua mbolea. Nikimaliza kulipa kitenge nitarudi."

Nilimwambia, "Mama, rudi Jumapili hii hii." Akacheka kidogo, akasema, "Wote watakuwa wa rangi moja, mimi peke yangu rangi nyingine. Nitaonekana kama mtu aliyepotea njia."

Hakuna mtu aliyemfukuza mama huyu. Hakuna aliyetaka kumwumiza. Sare ilikusudiwa kuleta umoja, ndiyo maana inaitwa sare. Lakini ilimfanya mama aliyezalia watoto wake katika kanisa hili akae nyumbani kama Daudi malishoni, na sisi tukaketi, tukaimba, tukamaliza ibada. Samweli alikataa kuketi.

4. JE, KUPENDEZA NI DHAMBI?

Hapana. Mtu asitoke hapa akisema pasta amekataza nguo nzuri. Mungu mwenyewe aliagiza Haruni ashonewe mavazi ya utukufu na uzuri. Yusufu alipotolewa gerezani alinyoa na kubadilisha nguo kabla ya kusimama mbele ya Farao. Mwanamke wa Mithali 31 anavaa vizuri, tena ni kwa kazi ya mikono yake. Usafi na heshima ni sehemu ya ushuhuda. Binti anayesomea ushonaji, ama anayetaka kuingia kwenye filamu, asome kwa bidii na tumwombee.

Vilevile kuna shimo la upande wa pili. Wako ambao hawamhukumu maskini, lakini binti akitoka Nairobi na kucha ndefu na suruali, macho yanamfuata mpaka anatamani kuondoka kabla ya neno. Huyo naye amepimwa kwa kitambaa. Mafundisho ya kiasi na adabu yapo, na tutaendelea kuyafundisha. Lakini kuna namna. Prisila na Akila walipoona Apolo anahitaji kuelekezwa zaidi, walimchukua kando wakamfundisha. Hawakumsimamisha mlangoni.

Na sisi watu wa Tongaren tusisahau: mwaka 2023 jina la kwetu lilienda mbali kwa sababu ya mtu aliyevaa kanzu na kujiita Yesu. Waandishi wa habari walikuja na kamera zao. Kanzu, fundi yeyote anaweza kuishona. Tunda la Roho haliuzwi kwa mita.

5. TUFANYE NINI?

Kwanza, wahudumu wa mlangoni: aliyefika mapema akae mbele, awe na tai ama na gambuti. Viti vya mbele tuviweke kwa wazee, wagonjwa na akina mama wenye watoto wachanga.

Pili, viongozi wa idara: kabla ya kutangaza sare, ulizeni kimyakimya ni nani hataweza. Msipange sare wakati wa kupanda ama wa kufungua shule. Kama idara haiwezi kumsaidia asiye na uwezo, basi sare isubiri. Na mtu asiondolewe kwenye kwaya kwa sababu ya nguo.

Tatu, kila nyumba: tusikope pesa kununua nguo ya siku moja. Karo, mbolea na chakula vitangulie.

Nne, wewe binafsi: Jumapili hii angalia nani hayupo. Mtafute. Usimwulize kwa nini hakuja mbele za watu. Mwendee nyumbani, kisha mje pamoja. Mkifika, kaa naye benchi moja.

HITIMISHO

Yesu hakuwa na zulia. Alizaliwa akafungwa vitambaa vya mtoto, na msalabani askari waligawana nguo zake, zile zile walizomvua. Aliyetuvika haki yake alikufa bila vazi. Kanisa la Bwana huyo likimpima mtu kwa kitenge, limesahau limevikwa na nani.

Mama yule Jumapili iliyofuata alikuja. Alivaa leso yake ya kila siku, na dada wawili wa kwaya waliacha sare zao nyumbani wakaketi naye. Hawakutangaza, na wala hawakuombwa. Nawaambia, sijaona sare nzuri kuliko ile.

MASWALI YA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Soma Yakobo 2:1–4. Kama Yakobo angekuja kanisani kwetu Jumapili, angeona nini mlangoni?
2. Ni nani katika kikundi chenu hajaonekana karibuni? Nani atamtembelea, na lini?
3. Tofauti ya kuvaa kwa heshima na kuvaa kwa kushindana ni gani?
4. Je, idara yenu ina sare? Wale wasioweza kuinunua wanasaidiwa vipi?

OMBI

Bwana, tusafishe macho. Tusamehe pale tulipompa mtu kiti kwa sababu ya suti yake na kumnyima mwingine kwa sababu ya viatu vyake. Warudishe walioko malishoni, na utupe moyo wa kutoketi mpaka wafike. Katika jina la Yesu. Amina.