Koili, Waya na Plagi za Detekta ya Dhahabu: Kulinganisha, Kupima na Kutunza

Kazi ya koili

Koili ni lile duara au yai la plastiki lililo mwisho wa mpini wa detekta. Ndani yake mna waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi na kumiminiwa gundi ngumu ili usisogee. Kisanduku cha umeme hupeleka mkondo kwenye waya huo, mkondo hujenga uga sumaku unaoingia ardhini, na kipande cha dhahabu kilichofikiwa na uga huo hujibu kwa uga wake dhaifu sana. Koili hupokea jibu hilo na kulirudisha kwenye kisanduku, ambako hugeuzwa kuwa mlio.

Safari yote hiyo, kwenda na kurudi, hupita kwenye waya mmoja na plagi yenye pini chache. Pini ikilegea, njia hukatika na kuungana tena kwa muda mfupi usioonekana, na kisanduku hakina namna ya kujua kama badiliko hilo limetoka ardhini au kwenye plagi. Hulia tu. Mchimbaji mdogo wa Chunya au Migori anaweza kuchimba asubuhi nzima kwa ajili ya pini iliyolegea. Ndiyo maana mashine inayosumbua huchunguzwa kwanza kwenye koili, waya na plagi, kabla ya mtu yeyote kushika bisibisi na kufungua kisanduku.

Kuingia kwa plagi si kulingana kwa koili

Detekta za dhahabu ni za namna mbili kuu. Za kwanza hutuma wimbi bila kukatika. Koili yake ina seti mbili za waya, moja ya kutuma na nyingine ya kupokea, zilizopangwa ili ya kupokea isisikie karibu chochote kutoka kwa ya kutuma. Mizani hiyo hupatikana kiwandani kwa kusogeza waya kidogo sana na kisha kumimina gundi. Kila mashine ina masafa yake: Garrett ACE 250 hutumia kilohezi 6.5, Garrett AT Gold 18, Minelab Gold Monster 1000 hutumia 45, na Fisher Gold Bug 2 hufika 71. Koili iliyotengenezwa kwa masafa fulani haifanyi kazi ipasavyo kwenye mashine ya masafa mengine, hata kama plagi imeingia kwa ulaini.

Mfano mzuri ni Minelab X-Terra 705. Hapo koili ndiyo inayoamua masafa: ipo ya kilohezi 3, ya 7.5 na ya 18.75, na zote huingia kwenye soketi ileile. Mtafuta dhahabu anayenunua ya kilohezi 3 kwa sababu ni ya bei nafuu atapata mashine inayopenda sarafu kubwa na kupita juu ya punje ndogo za dhahabu. Hakuna kilichoharibika, amenunua koili ya kazi nyingine.

Namna ya pili hutuma mapigo. Mkondo hupelekwa, hukatwa ghafla, na baada ya muda unaohesabiwa kwa sehemu za milioni za sekunde kisanduku huanza kusikiliza. Seti moja ya waya inaweza kutuma na kupokea, na koili ya aina hiyo huitwa mono. Yenye seti mbili zinazopishana huitwa DD. Kinachotazamwa katika koili za mapigo ni indaktansi, ambayo kwa mashine nyingi za dhahabu huwa karibu na maikrohenri 300, ukinzani mdogo, na wepesi wa waya kutulia baada ya pigo. Koili isiyotulia upesi hufunika majibu ya vipande vidogo, na mwenye mashine husema tu kwamba “haina nguvu”.

Katika kundi hili Minelab iliwafanyia wachimbaji hisani kubwa. Koili za mfululizo wa SD, GP na GPX 4000 hadi 5000 hubadilishana, zote zikiwa na plagi ya pini tano, ndiyo maana koili ya mashine ya miaka ya 1990 bado ina mnunuzi. Hisani hiyo iliishia hapo. GPZ 7000 ya mwaka 2015 na GPX 6000 ya mwaka 2021 zina koili zake zenye chipu ndani, na kisanduku hukataa koili kisiyoitambua. Jina GPX kwenye mashine zote mbili, 5000 na 6000, limewaponza wanunuzi wengi wanaodhani ni ndugu; koili zake haziingiliani kabisa. SDC 2300 ilitoka na koili iliyounganishwa moja kwa moja, isiyo na plagi ya kuchomoa. Upande wa wimbi endelevu, koili za Minelab Equinox 600 na 800 hufanya kazi pia kwenye 700 na 900, lakini za Vanquish hazifai humo. Ziko pia mashine kama XP Deus zisizo na waya wa koili hata kidogo: koili ina betri yake na huzungumza na rimoti kwa redio, na tatizo la plagi huhamia kwenye chaji.

Koili bandia ni jambo la kuangaliwa. Mwaka 2015 ilitangazwa kwamba kompyuta za Codan, kampuni ya Australia inayomiliki Minelab, zilikuwa zimedukuliwa miaka minne kabla, na detekta za kughushi zikamwagika katika masoko ya Afrika, nyingine zikipitia Dubai. Koili ya kughushi inaweza kuwa na plagi iliyonyooka, rangi sahihi na kibandiko kizuri, huku waya wa ndani ukiwa mwembamba kuliko unaotakiwa. Uzito, bei na maneno ya muuzaji havitoshi. Mnunuzi aende na mashine yake, aunganishe koili, aiache iwake kwa dakika kadhaa, kisha apitishe kipande kidogo cha dhahabu au cha risasi mbele yake. Muuzaji anayekataa jaribio hilo ameshajibu swali.

Ukubwa ni jambo jingine, na mara nyingi huchanganywa na ulinganifu. Koili kubwa huzama zaidi kwa kipande kikubwa, lakini hupoteza punje ndogo na husikia zaidi chuma cha udongo. Kwenye ardhi nyekundu ya Geita, koili kubwa inayopiga kelele huenda ni nzima kabisa.

Kutafuta kasoro kwa mpangilio

Alexander Graham Bell alipojaribu mwaka 1881 kutafuta kwa detekta risasi iliyokuwa mwilini mwa Rais James Garfield wa Marekani, inaelezwa kwamba springi za chuma za godoro zilikuwa miongoni mwa vilivyomvuruga. Uchunguzi wowote huanzia hapo: mazingira. Simu izimwe au iwekwe mbali, sururu na koleo visogezwe, buti zenye chuma mbele zikumbukwe. Nyaya za umeme mkubwa na detekta ya jirani huleta kelele inayofanana sana na ya plagi mbovu. Kwenye GPX 5000 kuna pia swichi ya kuchagua aina ya koili. Ihakikiwe kwamba imewekwa kulingana na koili iliyofungwa.

Baada ya hapo koili iwekwe juu ya kreti la plastiki au tawi kavu, isiguse ardhi wala isitikiswe. Mashine ikiendelea kulia katika utulivu huo, lawama iende kwanza kwa mazingira au kisanduku. Ikitulia, mkono mmoja utikise waya taratibu katika sehemu tatu, moja baada ya nyingine: kwenye plagi, katikati ya mpini, na pale waya unapoingia kwenye koili. Sehemu hii ya tatu ndiyo yenye kesi nyingi. Kila koili inapoinamishwa na kuinuliwa, waya hukunjwa palepale, na baada ya muda uzi wa shaba hukatika ndani wakati ganda la nje bado linang’aa. Likibonyezwa kwa vidole, ganda hilo huwa laini kuliko sehemu nyingine.

Mlio unaokuja koili inapogonga jani au jiwe dogo una maana mbili. Kwanza ni kifuniko cha chini. Vumbi jekundu na mchanga mweusi huingia kati yake na koili, hulowana, na kila mtikisiko huwa kama kupitisha chuma mbele ya mashine. Kifuniko kitolewe, kioshwe, kikaushwe, kirudishwe. Mlio ukibaki, gundi ya ndani imepasuka au waya umelegea, na hapo dawa ni koili nyingine. Waya unaopeperuka kwenye mpini nao huleta milio ya uongo. Uzungushwe kwa kubana, ukiachiwa nafasi ya kutosha karibu na koili ili iweze kuinama.

Mashine nyingine husema zenyewe. Equinox huonyesha “Cd” isipoiona koili. Alama hiyo haisemi koili imekufa. Mara nyingi pete ya plagi haijakazwa.

Kipimo chenye kutoa hukumu zaidi ni kubadilishana. Koili inayoshukiwa ifungwe kwenye mashine nzima ya aina ileile, na koili nzima ifungwe kwenye mashine inayosumbua. Tatizo litahama na mwenye kosa. Jirani mwenye mashine kama hiyo ana thamani zaidi kuliko fundi wa mbali.

Kutumia mita

Mita ya manjano inayouzwa kwenye maduka ya umeme inatosha. Koili ichomolewe kwanza. Kipimo cha omu hakiwekwi kwenye soketi ya kisanduku. Ncha mbili za mita ziguswe pamoja na namba inayotokea iandikwe, kwa kuwa nyaya za mita zenyewe zina ukinzani, na kwenye koili ya mapigo tofauti hiyo ni kubwa. Koili ya mono husoma karibu na omu moja au chini yake. Kwenye koili za wimbi endelevu, seti ya kupokea ina waya mwembamba na mizunguko mingi, hivyo husoma zaidi ya ile ya kutuma.

Mita ikionyesha “1” upande wa kushoto wa kioo au “OL”, njia kati ya pini hizo imekatika, ikiwa zinapaswa kuungana. Namba inayoruka waya unapokunjwa ni ushahidi mzuri zaidi, kwa sababu inaonyesha na mahali pa kosa. Mpangilio wa pini hutofautiana, kwa hiyo usomaji ulinganishwe na koili nzima ya aina hiyohiyo. Koili zenye chipu haziamuliwi kwa mita, na mita ya volti kubwa ya kupimia nyaya za nyumba haitumiwi kwenye koili yoyote.

Plagi

Kila plagi ya mviringo ina mfereji au kijino kinachoonyesha mkao wake. Huingizwa ikiwa imenyooka, kisha pete ya nje peke yake ndiyo inayozungushwa, kwa vidole. Anayezungusha plagi nzima hupinda pini, na anayetumia plaisi huua uzi wa pete. Pini iliyopinda inaweza kunyooshwa kwa kibanio chembamba mara moja. Ya pili hukatika.

Kutu ya kijani husafishwa kwa spiriti safi na mswaki laini, kisha plagi huachwa wazi kivulini hadi ikauke kabisa. Petroli hulainisha mpira na plastiki. Msasa huondoa utando wa juu wa pini, na baada ya hapo kutu hurudi kwa kasi. Grisi ya silikoni huwekwa kwenye pete ya mpira tu, kamwe si kwenye pini. Ieleweke pia kwamba koili kuhimili maji hakumaanishi plagi au kisanduku vinahimili: anayeosha koili mtoni aweke plagi juu.

Waya ukikatika karibu na plagi, fundi mzuri wa redio anaweza kuulehemu. Apige picha ya mpangilio kabla ya kukata, wala asitegemee rangi, kwa kuwa watengenezaji hawakubaliani juu yake. Kila uzi uwe na ganda lake la kusinyaa kwa joto, na wavu wa nje usiguse uzi wowote wa ndani. Urefu ubaki uleule. Waya ulioongezwa hubadilisha tabia ya koili: yenye mapigo huchelewa kutulia, ya wimbi hupoteza mizani yake. Kukata plagi ya chapa moja na kuifunga kwenye koili ya nyingine hutoa kitu kinachoingia bila kulingana, na dhamana huishia hapo.

Mkato ulio ndani ya gundi ya koili haufikiki kwa fundi wa mtaani, na koili iliyopasuka ikanywa maji itaendelea kudanganya hata ikikaushwa juani. Koili ya namna hiyo iandikwe “mbovu” kwa kalamu nzito, isije ikauzwa kwa mchimbaji mwingine kama nzima.