Surua haifukuzwi gizani

*Ndugu mshauri, tunaishi Salamabila, karibu na mashimo ya dhahabu. Mtoto wangu wa miaka 3 ana homa, macho mekundu na vipele usoni. Mama mkwe anasema ni surua, nimfiche gizani, nisimwogeshe, nisimpe nyama, na akichomwa sindano itarudi ndani imuue. Mdogo wake ana miezi 7, wanalala kitanda kimoja. Nifanye nini? – Mama wa wawili*

Pole sana, mama. Mama mkwe ameutambua ugonjwa vizuri, mpe heshima yake. Ila hilo la surua kurudi ndani ndilo linalotuzikia watoto. Vipele ni alama tu. Vinapotoka, virusi vimekuwa mwilini siku 10 au zaidi. Kinachoua ni yale yanayofuata: nimonia, kuhara, kukaukiwa maji. Kati ya 2018 na 2020 surua iliua watu zaidi ya 7,000 hapa Kongo, wengi wao watoto wadogo.

Mpeleke mkubwa kituo cha afya leo hii. Omba vitamini A, dozi ya leo na ya kesho. Ndiyo inayomkinga asipofuke. Mwogeshe, mnyweshe kila mara, mpe nyama, samaki, sombe yenye mawese, chochote atakachokubali. Akipumua mbio, akishindwa kunywa au akipata degedege, usingoje kuche.

Mdogo ndiye anayenitia hofu zaidi. Mgonjwa akishatoka chumbani, hewa yake huambukiza kwa muda wa hadi saa mbili, tena mgonjwa huanza kuambukiza siku 4 kabla ya vipele. Watenganishe, lakini usitegemee hilo peke yake. Kwa kawaida chanjo hutolewa mtoto akifika miezi 9; surua ikizuka, hata wa miezi 6 huweza kuchanjwa, kisha hurudia akifika 9. Chanjo huweza kukinga ikiwahi ndani ya siku 3 tangu mtoto akutane na ugonjwa. Kwa wako huenda zimeshapita, ila muulize muuguzi, na umchunguze kila asubuhi kwa wiki tatu.

Watoto wa majirani bado wana nafasi. Kichupa kimoja cha chanjo hutosha watoto 10, na kikishafunguliwa hakilali. Ndiyo maana wauguzi huwakusanya watoto siku moja. Waambie akina mama wenzako usiku huu, hasa waliohamia juzi kufuata machimbo na hawana kadi ya chanjo. Nawe ukifika kituoni, sema mlangoni kwamba ni surua, usikalishwe kwenye foleni na watoto wa wenzio.