Mtoto Mgongoni mwa Mwenye Kusali

Akina mama waliosilimu karibuni huuliza: Je, sala yangu yabatilika mwanangu anipandapo mgongoni nikiwa katika sijida? Kushinda nyumbani na wadogo, wasema, kumewaweka mbali na ibada.

Ndugu msomaji, Hadhrat Abu Qatada r.a. amesimulia ya kuwa Mtume Mtukufu s.a.w. alisalisha watu hali amembeba Umama, mtoto wa bintiye Zainab r.a. Akienda sijida alimweka chini. Akiinuka alimbeba tena. Na aliposikia kilio cha mtoto aliifupisha sala kwa kumhurumia mama yake. Kilio cha mtoto mmoja, na msikiti mzima ukafupishiwa sala!

Tena mama huyo ana furaha ambayo baba arudipo jioni husimuliwa tu: mtoto wa miaka miwili atandika kanga ya mamaye kuwa msala, ainama kabla ya wakati, atamka "Amin" pasipo kufundishwa, kisha acheka. Hapo ndipo aanzapo kusali. Kurani Tukufu (2:234) yataja miaka miwili kamili ya kunyonyesha, na chakula na mavazi ya mama yamewekwa juu ya baba. (Waume walisome hilo mara mbili.)

Basi dada aliyeuliza asimsukume mtoto. Akae katika sijida kidogo zaidi, hata ashuke mwenyewe.